Mume wangu ni askari, naogopa zamu zake za lindo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbeya mjini, nauza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa. Mume wangu ni koplo wa polisi. Mimi kwetu ni Tukuyu, yeye ni Mhehe wa Kalenga, Iringa.

Kwa miaka mingi alikuwa trafiki kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma. Mwaka jana lori lilifeli breki kwenye mteremko, likasomba magari yaliyokuwa mbele yake. Yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Alichokikuta hajanisimulia mpaka leo, nilisikia kwa wake za wenzake. Kesho yake asubuhi alivaa sare akaenda kusimama palepale.

Tangu hapo si yule niliyeolewa naye. Nyumba yetu haiko mbali na barabara. Lori likishuka linanguruma breki ya injini, anaacha kula, tonge linabaki mkononi mpaka lori lipite. Saa tisa usiku anaamka, anavaa buti, anakaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni mpaka kunakucha. Alikuwa mtu wa bia mbili za Jumamosi, sasa anakunywa pombe kali hata siku za kazi. Nimegundua pia amechukua mikopo ya kausha damu bila kuniambia, na kadi yake ya benki inashikiliwa na mkopeshaji. Miezi michache iliyopita walimtoa trafiki wakampeleka malindo, analinda benki usiku akiwa na silaha.

Lakini Shangazi, kinachonitisha ni maneno yake. Aliniambia, "Mimi nikiondoka mtakula mafao, mtaishi vizuri kuliko sasa." Hati ya shamba la Kalenga amempa mdogo wake. Mimi amenikaririsha namba ya siri ya simu yake. Akilewa anasema yeye ni mjukuu wa Mkwawa, hashikwi na mtu. Wenzake nao wanamtania, "Mhehe huyo, msimuudhi atatuletea msiba," naye anacheka pamoja nao. Halafu tangu Jumapili ametulia ghafla. Mpole, anacheza na watoto, anaimba bafuni. Nilifurahi, ila jirani yangu akaniambia upole wa namna hiyo ndio wa kuogopa.

Mwaka huu askari mmoja wa wilaya nyingine alijiua. Huku kota tulinong'ona tu, kanisani kwao hawakumfanyia ibada, basi ikaisha hivyo. Shemeji yangu, huyo mdogo wake aliyepewa hati, anasema mume wangu karogwa, tumpeleke kwa mtaalamu Chunya. Mimi nawaza kwenda kwa mkuu wake, lakini naogopa atafukuzwa kazi au atafunguliwa kesi, maana nasikia kutaka kujiua ni kosa. Na nikimuuliza mwenyewe, si nitampa wazo ambalo hakuwa nalo?

Ijumaa anaingia lindo. Nifanyeje?

Mke wa koplo, Mbeya

*

Marahaba mwanangu.

Wasomaji wajue kwanza kwamba barua hii haikusubiri siku ya safu. Nilimpigia huyu mama jioni ileile niliyoisoma. Ninayoyaandika hapa ni yale tuliyozungumza, na mengine niliyoyakumbuka baada ya kukata simu. Ameniruhusu niyatoe, kwa kuwa najua wake za askari wanaonisoma kutoka Mafinga hadi Tunduma ni wengi, na waume zao pia wanasoma ingawa hawatakiri.

Tuanze na hilo la kumuuliza. Muulize. Mtu asiye na wazo hilo hawezi kulipata kwa sababu mkewe kamuuliza, hili limechunguzwa sana na majibu yamekuwa yaleyale. Aliye nalo, mara nyingi anapumua. Amekuwa akilibeba peke yake, analificha kwako, kwa wenzake na kwa mama yake, na kulificha kunamla kuliko unavyofikiri. Tafuta wakati hajanywa, watoto wamelala, simu zimezimwa. Usizunguke. Usiseme "usije ukafanya ujinga", kwa maana hapo umeshamwambia jibu unalolitaka, na atakupa hilohilo. Mwambie unachokiona: huli, hulali, umegawa hati ya shamba, umesema tutaishi vizuri ukiondoka. Kisha muulize hivi: "Baba, unawaza kujiua?" Halafu nyamaza. Hapo ndipo wengi tunapoharibu, tunaogopa kimya tunaanza kuhubiri. Mwache akae na swali hata dakika tano. Akilia, mwache alie. Akikasirika, vumilia. Akisema ndiyo, usimwambie habari za dhambi wala usimkumbushe watoto kama unamshitaki. Muulize amefika wapi: amewaza namna? Amewaza siku? Akishakuwa na namna na siku, huyo hatakiwi kubaki peke yake hata kwenda chooni, na safari ya hospitali ni saa hiyohiyo, usiku usiku.

Jirani yako yuko sahihi. Mtu aliyekuwa anateseka miezi yote, kisha akatulia ghafla bila tiba wala sababu, huenda amekata shauri, na kukata shauri ndiko kumempumzisha. Si lazima iwe hivyo. Lakini ukiuweka utulivu huo pamoja na hati ya shamba na namba ya siri ya simu, mimi sikai nisubiri.

Sasa silaha. Nilifanya kazi wodini miaka mingi kabla ya kustaafu, na jambo ambalo ndugu wa mgonjwa hawaliamini ni hili: saa ile mbaya kabisa huwa fupi. Inakuja kama wimbi, inafika juu, inashuka. Aliyevushwa kwenye saa hiyo mara nyingi hafi kwa njia hiyo tena, anapona, anaendelea na maisha. Kwa hiyo kinachoamua ni nini kiko karibu na mkono wake wakati huo. Fundi seremala akifikwa na saa hiyo usiku wa manane, ana nafasi ya kupita. Askari aliye peke yake kwenye lindo, amekunywa, hajalala siku tatu, na amekabidhiwa silaha na mwajiri wake mwenyewe, nafasi yake ni finyu.

Jeshi la Israeli liliwahi kuwa na tatizo hili kwa vijana wake. Wengi walijiua wakiwa nyumbani wikendi, kwa silaha walizoruhusiwa kuondoka nazo. Mwaka 2006 wakabadilisha utaratibu: unakwenda likizo ya wikendi, silaha inabaki kambini. Vifo vya kujiua kwa askari wa umri wa miaka 18 hadi 21 vikapungua kwa takriban asilimia 40, na karibu kupungua kote kulikuwa kwa wikendi. Siku za kazi hazikubadilika sana. Hawakuwapa dawa mpya wala mahubiri, umbali tu kati ya kijana na bunduki.

Kwenu mambo yamegeuka. Silaha inatoka ghalani anapoingia zamu na inarudi asubuhi, kwa hiyo nyumbani ndiko kwenye nafuu na lindoni ndiko kwenye hatari. Ndiyo maana nilikwambia kwenye simu kwamba kabla ya Ijumaa kazi yako ni moja tu, asiingie lindo. Mengine yote, mikopo, pombe, ndoto, yana wiki na miezi ya kushughulikiwa. Na hapo nyumbani nako, dawa za shambani na vidonge vilivyobaki vya malaria na maumivu, vyote kampe jirani avitunze.

Namna ya kulifanya hilo bila kumvua nguo mbele ya kituo kizima ni kupitia daktari. Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapo Mbeya ina huduma za afya ya akili, nendeni huko, na kama ni usiku au hali ni mbaya nendeni mapokezi ya dharura ya hospitali yoyote iliyo karibu. Beba kadi ya bima. Mwambie daktari mambo yote uliyoniandikia mimi, na hasa umwambie kwamba mgonjwa ni askari na amepangiwa lindo la silaha. Usipolitaja hili anaweza kumwandikia dawa za usingizi na kumruhusu. Mwombe ED, yaani karatasi ya daktari ya kumpumzisha mgonjwa kazini, na kwenye karatasi hiyo mwombe aandike kwamba kwa sasa mgonjwa asipangiwe kazi ya silaha. ED haina haja ya kusimulia ndoto zake. Anayepanga zamu anahitaji kujua mstari mmoja tu.

Je, itamgharimu? Sitakudanganya. Inawezekana atakaa kituoni anaandika vitabu wakati wenzake wako barabarani. Wapo watakaomwita dhaifu, na huenda kuna mkuu atakayemtazama kwa jicho la pembeni. Askari wanajua hivyo, ndiyo maana wanakufa kimya. Ila pima mwenyewe: ED unaweza kuirudisha kliniki ukaomba nyingine, na kazi ya kuandika vitabu haijawahi kumzuia mtu kurudi barabarani akipona. Kama kituoni kuna afande mmoja anayemheshimu kweli, aliyetoka naye depo au waliyekaa naye kota moja zamani, mtafute huyo kabla ya mkuu. Askari husikia haraka zaidi kwa askari mwenzake. Mwambie huyo afande ukweli wote, na umwombe awe naye karibu siku hizi.

Kuhusu kesi. Ni kweli kwamba kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na mimi nitasema bila kificho kwamba kifungu hicho kimezuia watu kwenda hospitali kuliko kilivyozuia vifo. Lakini kisome vizuri: kinasema kujaribu. Mtu anayemwambia daktari "nawaza kufa" hajajaribu kitu, ni mgonjwa anayeeleza dalili. Hajavunja sheria. Tena kuna Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inayoweka utaratibu wa kumpokea na kumtibu mtu wa namna hiyo, hata pale anapokataa kwenda mwenyewe na ndugu wakaona yuko hatarini. Akikataa katakata, nenda wewe na ndugu yake mkubwa, mumwone daktari au afisa ustawi wa jamii wa hospitali, mueleze, watawaelekeza cha kufanya.

Shemeji yako usigombane naye. Ukigombana naye utabaki peke yako, na hati ya shamba iko mikononi mwake. Mwambie, "Sawa shemeji, lakini tuanze hospitali, maana Ijumaa haingoji Chunya." Yeye mwenyewe anaogopa, na mtu anayeogopa hushika kilicho karibu. Mpe kazi: alale kwenu hizi siku, au awe anamsindikiza kaka yake kliniki.

Sasa kuna hili la Uhehe, ambalo limenichoma kuliko yote kwenye barua yako.

Sisi watu wa nyanda za juu tunajua utani. Ni mzuri, umetuondolea ugomvi mwingi, na kwenye misiba yetu watani ndio hutuchekesha. Lakini huo utani kwamba Mhehe ukimuudhi atakuletea msiba, yaani atajiua, mimi nausikia tangu msichana na nimeuchoka. Umefanya mambo mawili. Umewafanya wenzake waone dalili waziwazi na kuzicheka. Na umemfanya yeye aamini kwamba liko kwenye damu, kwamba ni la kwao, limeandikwa. Haliko kwenye damu ya kabila. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na miongoni mwa nchi zenye viwango vya juu ni Lesotho na Korea Kusini, ambako sijasikia kama kuna Wahehe. Tunachojua kuhusu sababu ni mambo ya kawaida kabisa, sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) isiyotibiwa, pombe, deni, maumivu, upweke, aibu, na kifaa kilicho karibu. Mumeo anavyo karibu vyote.

Na Mkwawa. Mtoto wa Kalenga amekua anapita kwenye makumbusho lilipo fuvu la Mtwa, yaani chifu wa Wahehe, lililorudishwa mwaka 1954, nani atamlaumu kwa kujivunia? Ila amekumbuka siku moja ya mwisho, Mkwawa alipojiua ili asishikwe na Wajerumani, akasahau miaka. Mkwawa alilipiga jeshi la Wajerumani Lugalo mwezi Agosti 1891. Kalenga ikaanguka mwaka 1894, naye akaingia porini, akaishi huko akipigana na kujificha karibu miaka minne, huku watu wake wakimlisha na kumficha, hadi Julai 1898. Kichwa chake kilikuwa kimetangaziwa zawadi, na nchi yake ilikuwa imekaliwa na jeshi la kigeni. Mumeo hajazingirwa na Mjerumani. Amezingirwa na kausha damu, na usingizi uliokimbia, na mambo aliyoyaona mteremkoni ambayo hakuna aliyemuuliza habari zake. Kama anataka kuwa mjukuu wa Mkwawa, mwambie aanze na ile miaka minne ya porini, ambamo mzee aliishi kwa sababu alikubali kulishwa na kufichwa na watu wake.

Hayo aliyoyaona yana matibabu. Mtu anayeshtuka kwa mlio wa lori, anayeamka saa ileile kila usiku, asiyetaka kusimulia, huyo akili yake bado iko kwenye ajali. Anayefanya kazi kwenye miteremko kama Iwambi, Mlima Nyoka na Inyala anaweza kuona kwa mwaka mmoja maiti nyingi kuliko atakazoona fundi cherehani maisha yake yote, na kesho yake anatakiwa kukagua leseni. Kuna mazungumzo ya kitabibu yanayosaidia sana, na kuna dawa za sonona. Dawa hizo zikiandikwa, mjue kwamba huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuonyesha nafuu, kwa hiyo asiache siku ya tano kwa kusema hazifanyi kazi, na asiziache ghafla baadaye akijisikia vizuri. Wiki za mwanzo ndizo za kumwangalia zaidi. Pombe amweleze daktari kwa ukweli, kiasi chenyewe. Aliyezoea pombe kali kila siku hapaswi kukatishwa ghafla bila daktari kujua, na akiendelea kunywa, pombe hiyohiyo ndiyo inayoondoa woga uliokuwa unamzuia.

Mikopo ije ya pili, lakini ije. Kaeni na karatasi, muandike deni moja moja, la nani, shilingi ngapi, lini. Mara nyingi kiasi chenyewe ni kidogo kuliko kilivyokuwa kikionekana saa tisa usiku. Kama ana akiba kwenye SACCOS, muulizie mkopo wa kuyaunganisha madeni kwa riba ya kibinadamu. Wakopeshaji wadogo nao wako chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na wanatakiwa kuwa na leseni, ambayo kwa wengi wao inasimamiwa na Benki Kuu. Aliyeshika kadi ya mumeo mwombe leseni yake uione. Wengine hulegea hapo hapo. Na ile hesabu ya mafao isikutishe kwa kuijibu kwa hesabu. Mwambie tu kwamba wewe na watoto hamjawahi kupiga hesabu hiyo.

Ninao pia wakuu wa vituo wanaonisoma, najua, maana wawili wameshaniandikia kunikosoa. Afande, mjini Montreal, Kanada, polisi wao walianza mpango mwaka 1997. Kila askari alipewa nusu siku ya mafunzo kuhusu kujiua, wasimamizi wakapewa siku nzima ya kujifunza kutambua dalili na kusema na mtu, kukawekwa namba ya simu ya askari kuzungumza kwa siri, na tangazo kila mahali kwamba kuomba msaada si aibu. Katika miaka 12 kiwango cha askari kujiua kilishuka kwa asilimia 79, kutoka 30 hivi kwa kila askari laki moja kwa mwaka hadi 6 hivi, wakati kwa polisi wengine wa jimbo lilelile hakikushuka. Nusu siku! Gwaride la kumkaribisha mgeni rasmi linakula zaidi ya hapo. Na hata bila mpango wowote, wewe unayepanga zamu unaweza kuacha kumpeleka lindo la usiku peke yake askari aliyetoka kuokota miili wiki hiyo, na unaweza kuukemea huo utani pale kaunta.

Wewe mwanangu, usilibebe hili peke yako hapo sokoni ukiwa unapima mchele. Mama yako Tukuyu ajue. Watoto waambiwe kwa kipimo chao: baba anaumwa, anatibiwa, si kosa lenu. Kuhusu huyo marehemu wa wilaya nyingine, kama mjane wake unamfahamu, nenda ukamwone, keti naye. Kanisa liamue lake, wewe peleka sukari.

ED ikibakiza siku chache kwisha, rudini kliniki kabla, msisubiri iishe kwanza. Daktari ndiye atakayesema kama anarudi kwenye silaha, na akisema bado, karatasi mpya iwe mezani kwa mpanga zamu kabla ratiba ya wiki haijabandikwa. Namba yangu unayo, piga hata usiku.

Shangazi